Wadau, ni mimi tu ninayepata usingizi kwa muziki wa kelele na giza?

#1 Kibirizi Usiku
Habari za jioni wadau. Niko Kigoma mjini. Kazi yangu ukarani mwaloni Kibirizi: nahesabu ndoo za dagaa, naandika, nalipa wapakuaji. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, daftari likafungwa nalo. Mwezi huohuo mama akalazwa, sukari imepanda na kidonda mguuni hakifungi. Kikoba nacho kilitaka marejesho kila Jumamosi. Usingizi ukakata. Nahesabu mabati mpaka adhana ya alfajiri.

Nilijaribu kaswida, nikajaribu nyimbo za taratibu, nikajaribu zile video za mvua. Za taratibu ndizo zilinimaliza kabisa. Mtu anaimba kaachwa na mpenzi, mimi nawaza kidonda. Usiku mmoja simu ikanitupia Duma, vijana wawili wa Nairobi. Ngoma zake kama mashine ya kusaga iliyoingiwa na jiwe, juu yake mtu anapiga ukelele kama anaungua. Nikataka kuzima. Nikasema ngoja dakika moja. Nilizinduka saa mbili asubuhi, waya wa hedifoni umenizunguka shingoni kama tai.

Tangu siku hiyo ndiyo dawa yangu. Nikazama zaidi: Wajapani, Wamarekani wenye magitaa yanayovuma nusu saa bila kubadilika, kila kitu cheusi. Mke wangu siku moja kaweka sikio, kaivua ile hedifoni polepole kama anayemvua mtoto kiatu, akauliza, "Hii umepewa na nani?"

Swali: ni mimi tu? Na kama mpo wengine, kitu cha kutisha kinatulizaje?

#2 Chai ya Tangawizi
Siti ya mbele, miguu juu. Wajuzi njooni.

#3 Nyuki wa Sikonge
Pole kwa mama, mkuu. Ila mtu alale kwenye ukelele wa anayeungua? Hiyo ni chai.

#4 Chai ya Tangawizi
Usinitaje, sijasema kitu.

#5 Mjukuu wa Unyanyembe
Kelele za mlango haziniwasi usingizi. Wahenga walikuwa na hiyo bendi zamani.

#6 Nyuki wa Sikonge
Halafu bendi yenyewe inaitwa Duma. Mnyama wa mbio. Ndiyo maana ngoma zinakimbia.

#7 Msomaji wa Kimya
Hapana mkuu. Jina hilo wamelitoa kwenye Kikikuyu, maana yake giza. Ni Martin Khanja na Sam Karugu, albamu yao ilitoka 2020 chini ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Khanja sasa anajiita Lord Spikeheart, na 2024 katoa yake peke yake.

#8 Mjukuu wa Unyanyembe
Chini ya NINI ya Kampala?

#9 Chai ya Tangawizi
Hahaha nilijua tu uzi hautafika ukurasa wa pili salama.

#10 Msomaji wa Kimya
Ni Kiganda, wakubwa. Kwao maana yake ni ile hamu ya ghafla ya kucheza isiyozuilika. Kiswahili chenu ndicho kina matatizo.

#11 Githurai Mpaka Gungu
Nilikaa Nairobi miaka minne. "Nduma" kule ni giza, sawa, lakini ukienda sokoni ni magimbi. Kwa hiyo mwenye uzi analala kwa bendi ya magimbi. Nimemaliza.

#12 Mwalimu wa Zamu
Turudi kwenye mada. Jibu ni fupi: dawa ya moto ni moto. Australia, mwaka 2015, Sharman na Dingle walichukua watu 39 wa miaka 18 hadi 34 wanaopenda muziki wa metali kali, ule wa magitaa na makelele. Wakawakasirisha kwa dakika 16, kwa kuwafanya waeleze mambo yaliyowaudhi maishani. Kisha wengine wakasikiliza muziki wao dakika 10, hasira ikashuka. Imethibitishwa.

#13 Msomaji wa Kimya
Mwalimu, malizia na nusu ya pili. Wengine walikaa kimya dakika 10 zilezile, na hasira yao ikashuka vilevile. Tofauti kubwa ilikuwa mapigo ya moyo: kwa waliokaa kimya yalishuka, kwa wenye muziki yalibaki juu. Na hao wa muziki walijisikia wamechangamka zaidi. Utafiti ulichoonyesha ni kwamba muziki ule hauwaongezei hasira wanaoupenda. Kusema unashinda ukimya ni kuongeza chumvi.

#14 Mwalimu wa Zamu
Nimekubali masahihisho. Lakini moto umezimika au haujazimika?

#15 Msomaji wa Kimya
Umezimika hata kwa asiyemwagiwa kitu. Ndiyo tatizo lenyewe.

#16 Kibirizi Usiku
Asanteni. Ila mimi ukimya nilikuwa nao tele. Saa nane za usiku huku ni ukimya tu, na ndani ya huo ukimya ndimo kidonda kinamoongea. Sikuwa na hasira hata. Nilikuwa na woga. Sijui kama ni kitu kimoja.

#17 Fundi Redio Ng'ambo
Mwangaluka wote. Natengeneza redio Tabora tangu enzi za redio za mbao. Ngoja niseme la ufundi.

Marehemu baba alikuwa na redio ya bendi tatu. Usiku akitafuta stesheni kwenye masafa mafupi, kati ya stesheni moja na nyingine kuna miluzi, mingurumo, kitu kama mchanga unamiminwa kwenye sinia. Sisi watoto tulilala chumba kimoja na ile redio. Baba akipata stesheni, mtu akaanza kusoma habari, naamka. Akirudi kwenye mchanga, nalala.

Sababu ni hii. Sauti ya mtu ina maneno, na ubongo hauachi maneno yapite bila kuyafungua, hata umechoka vipi. Mchanga una masafa yote kwa pamoja, ya juu na ya chini, hauna cha kufungua. Na ukiwa mkubwa wa kutosha unafunika vingine: mbwa, mlango, mawazo. Muziki wa huyu ndugu ni mchanga tu, umepakwa rangi nyeusi.

#18 Nyuki wa Sikonge
Fundi, lakini kasema kuna mtu anapiga ukelele. Huyo si mchanga.

#19 Fundi Redio Ng'ambo
Umesikia neno hata moja anachosema?

#20 Nyuki wa Sikonge
Nimefungua sasa hivi. Sijasikia neno. Nimesikia bando langu likiisha.

#21 Singeli Mwendokasi
Mnahangaika na Wajapani na Nairobi wakati kitu kiko nyumbani. Singeli! Mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika. Mburahati pale, studio ya Sisso, watoto wanapika kwenye kompyuta chakavu, na hiyohiyo lebo ya Kampala yenye jina la matusi ndiyo iliyotoa mkusanyiko wao 2017. Wazungu wanalipa kiingilio kusikia kitu ambacho jirani yako anakulalamikia bure. Mimi siku nina stresi naweka singeli, naosha vyombo vyote mpaka sufuria za jirani.

#22 Githurai Mpaka Gungu
Singeli ya kigodoro si giza, ni fujo ya furaha. Mwenye uzi anaongelea kitu kinachokuzika.

#23 Singeli Mwendokasi
Furaha gani? Sikiliza mashairi siku moja. Njaa, kodi ya nyumba, polisi, mama mwenye nyumba. Giza liko mle mle, limekimbizwa tu.

#24 Ustaadh wa Ujiji
Assalaam aleikum. Ndugu yangu, moyo unatulizwa kwa kumkumbuka Mola. Hayo mengine ni kujifunika blanketi bichi. Sisemi kwa ubaya.

#25 Kibirizi Usiku
Waaleikum salaam ustaadh. Nimekuelewa na sala sijaiacha. Nikishaswali naye usingizi hajafika, ndipo naweka hedifoni.

#26 Kaka wa Kasulu
Ustaadh samahani, nauliza kwa heshima. Mimi nimekulia karibu na Ujiji. Ile zikri ya Kadiria, watu wamesimama duara, pumzi inatoka kifuani kwa pamoja, ile wanayoiita ya kukohoa, kasi inapanda, inapanda, mpaka ukuta unapumua. Nilikuwa mtoto, nje dirishani, naogopa na siondoki. Nikirudi nyumbani nalala kama gogo. Si ndicho anachokisema huyu?

#27 Ustaadh wa Ujiji
Zikri si muziki, tusichanganye maziwa na maji ya ziwa. Ile ni ibada, ina nia.

#28 Kaka wa Kasulu
Sijasema muziki ustaadh. Nimesema pumzi.

#29 Ustaadh wa Ujiji
Pumzi, sawa. Hapo tunaweza kukaa tukaongea.

#30 Mwalimu wa Zamu
Kwa faida ya wengi: muziki huu wa majaribio kwa maana ya sauti zilizorekodiwa na kukatwakatwa ulianza Paris mwaka 1948, mhandisi wa redio Pierre Schaeffer aliporekodi treni na kuzifanya kazi ya sanaa.

#31 Msomaji wa Kimya
Mwalimu, leo siku yako. Halim El-Dabh, Mmisri, Cairo, 1944. Miaka minne kabla. Aliazima mashine ya kurekodia inayotumia waya badala ya utepe, akarekodi ngoma ya zaar, kisha akaichezea sauti ile studio mpaka ikabaki mvumo na mwangwi. Na zaar ni nini? Ni kupunga. Wanawake wanaopandisha, wanapigiwa ngoma mpaka kilichowashika kiseme kinachotaka. Mwanzoni kabisa mwa huu muziki mnaouita wa Wazungu pana ngoma ya mganga.

#32 Mjukuu wa Unyanyembe
Sasa hapo mmefika nyumbani. Bibi yangu alikuwa Mswezi. Kwa wasiojua, Waswezi kwetu Unyamwezini ni chama cha mizimu, mtu akisumbuliwa anaingizwa, ngoma zinakesha. Nilipelekwa mara moja nikiwa na miaka kama tisa. Sikumbuki wimbo. Nakumbuka ngozi ya ngoma ikikaushwa kwenye moto wa nyasi, harufu yake, na mtu mzima, jirani yetu aliyekuwa hasemi na mtu tangu afiwe, anatetemeka mabega kama mtu aliyebeba gunia asiloliona mwingine. Asubuhi yake alikuja kuomba moto wa kuwashia jiko, akasalimia kila mtu.

Kwa hiyo mimi sina haja ya Australia. Huyu kaka kajipunga mwenyewe kwa hedifoni. Kasoro ni moja: kule walikuwepo watu. Yeye yuko peke yake, na mke kaachwa nje ya ngoma.

#33 Chai ya Tangawizi
Shemeji aletwe kwenye uzi.

#34 Sista wa Zamu ya Usiku
Mimi ni muuguzi, natoa angalizo kisha naenda kulala. Shirika la Afya Duniani linasema kwa mtu mzima desibeli 80 mwisho saa 40 kwa wiki. Ikifika 90 ni saa 4 tu kwa wiki. Ikifika 100 ni dakika 20. Simu nyingi ukiweka sauti mwisho zinafika huko. Unaolala nao sikioni usiku kucha unaujumlisha wote. Ukianza kusikia mlio mwembamba kama wa mbu hata chumba kikiwa kimya, umeshachelewa kidogo. Shusha sauti, iweke spika ndogo mbali na kichwa.

La pili, kaka, kukosa usingizi wiki nyingi pamoja na woga ni jambo la kumwambia daktari, na si aibu. Muziki endelea nao.

#35 Kibirizi Usiku
Asante sista. Mlio wa mbu sina. Nimeshusha. Lakini kusema kweli ikiwa ndogo haifanyi kazi ileile. Kuna kiasi ambacho mpaka uisikie kifuani.

#36 Nyuki wa Sikonge
Huyo keshakuwa mteja.

#37 Mzee wa Behewa
Vijana shikamooni mtaniamkia baadaye. Nimefanya kazi ya reli miaka 31, sehemu kubwa Tabora. Nimesoma hapo juu kuwa Mfaransa alirekodi treni akaitwa msanii. Mimi nililipwa mshahara kuisikiliza.

Tabora ni njia panda. Treni ya Dar inafika usiku, inakatwa: behewa hizi za Kigoma, hizi za Mwanza. Mnaosafiri mnajua ule mshtuko, chai inamwagika. Lakini sisi tuliokuwa chini tunajua sauti yake inavyotembea. Kichwa kinarudi nyuma, behewa la kwanza linagonga la pili, la pili la tatu, mgongano unakimbia gizani mpaka mkiani, halafu unasikia hewa ya breki inapumua, ndefu, kama mtu anatua mzigo. Mke wangu marehemu alikuwa hawezi kulala tukiwa likizo kijijini kwa sababu hakuna kukatwa behewa.

Kwa hiyo mimi nasema ni mazoea. Mtu analala kwa sauti iliyomlea. Kijana, Kibirizi umelelewa na nini?

#38 Kibirizi Usiku
Shikamoo mzee. Umenishtua. Nyumba yetu haikuwa mbali na majenereta, enzi hizo mkoa haujaungwa gridi ya taifa. Mngurumo usiku na mchana. Umeme ukikatika mtaa mzima unaamka, kwa sababu ya kimya.

#39 Fundi Redio Ng'ambo
Kesi imefungwa.

#40 Msomaji wa Kimya
Haijafungwa. Mimi nimekulia Nguruka, hakuna jenereta, hakuna lolote, vyura tu. Na ndiye ninayesikiliza huu muziki kuliko wote humu. Mazoea yangu yako wapi?

#41 Nyuki wa Sikonge
Vyura elfu wakianza kwa pamoja nao ni bendi.

#42 Msomaji wa Kimya
Hoja ya Mzee ina mwenyewe lakini. Luigi Russolo, Mwitaliano, mwaka 1913 aliandika kwamba sikio la zama za mashine limeshabadilika, linataka kelele, akaunda masanduku yenye pembe ya kupigia milio na mingurumo. Watu walimzomea.

#43 Mzee wa Behewa
1913? Mwaka huohuo Wajerumani walikuwa wanaiunda Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, kule Papenburg, wakaifungua vipandevipande, ikaja kwa meli mpaka Dar na kwa reli mpaka Kigoma. Basi kelele za huyo Mwitaliano na nyundo za misumari ya Liemba ni rika moja.

#44 Githurai Mpaka Gungu
Hiyo si ndiyo waliizamisha wenyewe 1918 vita vilipoisha?

#45 Mzee wa Behewa
1916, kijana. Waliipaka grisi injini kabla ya kuizamisha, ndiyo maana Waingereza walipoiibua 1924 ilikuwa bado inafaa. Ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba.

#46 Chai ya Tangawizi
Nilikuja kusoma habari za muziki, natoka na historia ya meli. Huu ndio uzi.

#47 Mama Wawili
Nimesoma wote kimya, sasa naongea. Wanaume humu mmeleta mashine, masafa, majenereta. Hakuna aliyeuliza kwa nini huyo mtu anapiga ukelele.

Kaka, mama yako kalazwa, wewe mtoto wa kiume, unashinda wodini umeshika chupa ya uji. Ukitoka nje ndugu wanakuambia nini? "Jikaze." Msibani kwetu mwanamke anaruhusiwa: anajitupa chini, anaita jina la marehemu, wenzake wanamshika kanga, anamaliza, anapewa maji. Mwanaume anakaa kwenye mkeka na daftari la rambirambi. Umeshika daftari maisha yako yote, mwaloni na msibani. Huyo kijana wa Nairobi analia kwa niaba yako. Ndiyo maana unalala. Hata mtoto hulala akishalia.

Kuna mama mmoja Mmarekani mwenye asili ya Ugiriki, Diamanda Galás. Kaka yake alikufa kwa UKIMWI mwaka 1986. Akatengeneza kazi nzima za kilio na laana, hakuna kubembeleza. Mimi nilizisikia nilipokuwa natoka kwenye ndoa. Sikuelewa hata neno, na niliona kama kuna mtu kaniletea kanga.

#48 Kibirizi Usiku
Dada. Nimekaa na hii simu muda mrefu kabla ya kujibu. Chupa ya uji umejuaje?

#49 Mama Wawili
Kila mtu huwa ameshika chupa ya uji.

#50 Mwalimu wa Zamu
Hoja nzito. Ila ikiwa ni kulia kwa niaba, mbona nyimbo za huzuni za taratibu hazikumfaa? Nazo zinalia.

#51 Mama Wawili
Zile zinalia kwa kupendeza, mwalimu. Aliyefiwa hapendezi.

#52 Singeli Mwendokasi
Dada kafunga goli la kichwa.

#53 Msomaji wa Kimya
Kimenikuna, lakini kinaacha nje muziki usio na sauti ya mtu. Sunn O))) kwa mfano, Wamarekani wawili wa magitaa, wanavaa majoho kama watawa, ukumbi umejaa moshi, noti moja inavuma mpaka meno yanatetemeka. Hakuna anayelia pale. Au Merzbow, Masami Akita wa Tokyo, yuko kwenye kazi hii tangu 1979, mwaka 2000 alitoa sanduku la diski 50, ni kelele mwanzo mwisho. Analia kwa niaba ya nani?

#54 Githurai Mpaka Gungu
Ya wanyama. Huyo Mjapani hali nyama, ametoa kazi za kutetea nyangumi, na mfululizo mzima wa ndege wa Japani. Nimesoma leo kwa sababu yenu, nimeacha kuhesabu mauzo.

#55 Nyuki wa Sikonge
Asije Kigoma. Atawakuta na mgebuka wa kuchoma.

#56 Mke wa Mtu Katubuka
Mimi nina sababu yangu fupi. Nyumbani kwangu kuna kelele ambazo sizizimi: wakwe, watoto, simu ya mwenye duka. Huu muziki ni kelele pekee ninayoizima mwenyewe. Naipandisha, naishusha, naikata katikati. Basi. Sina jenereta, sina mizimu.

#57 Kaka wa Kasulu
Hii ya dada wa Katubuka ndiyo naiamini kuliko zote, na imeandikwa kwa mistari mitano.

#58 Mjukuu wa Unyanyembe
Sista, wewe unasemaje? Ni kulia, ni mazoea, ni mchanga wa fundi, au ni mizimu ya bibi yangu?

#59 Sista wa Zamu ya Usiku
Ni saa kumi na moja alfajiri, nina wagonjwa 22. Mimi huwa nasikiliza taarabu.

#60 Nyuki wa Sikonge
Nimerudi. Niliwacheka sana, sasa nina jambo.

Nafuga nyuki, mizinga ya magome na michache ya mbao. Jana usiku nilikwenda kuangalia mzinga mmoja unaonipa wasiwasi, nikaweka sikio kwenye ubao kama kawaida. Mzinga wenye malkia unavuma laini, kama mtu anayesoma moyoni. Huu ulikuwa unaomboleza, mvumo mpana, unapanda na kushuka. Malkia hayupo. Nyuki hao wakipoteza malkia hubadilisha sauti nzima ya nyumba, ukishaijua huisahau. Mwaka huu mvua zimenichezea, asali nusu ya niliyotarajia, nina deni la mizinga. Nikabaki sikio pale. Nusu saa labda. Ngozi ya shavu ilikuwa inatekenyeka kwa ule mvumo. Nilirudi ndani nimetulia, wakati nimegundua hasara nyingine.

Sielewi. Mwenye uzi, samahani kwa ile chai.

#61 Chai ya Tangawizi
Nimekusamehe.

#62 Kibirizi Usiku
Usijali kaka. Umerekodi?

#63 Nyuki wa Sikonge
Simu yangu iling'atwa. Yaani mimi niling'atwa, nikaangusha simu.

#64 Fundi Redio Ng'ambo
Tangazo. Jana nimekutana na Mzee wa Behewa uso kwa uso, kumbe anakaa mitaa miwili kutoka kwangu na redio yake niliwahi kuitengeneza. Tumekwenda usiku nje ya uzio wa stesheni na kinasa changu, tumepata kukatwa behewa, dakika 11. Sijaongeza kitu, nimepunguza mlio wa pikipiki tu. Faili nimeliweka hapa, msikilize kwa hedifoni, si kwa sauti kubwa asiyoitaka sista.

#65 Msomaji wa Kimya
Dakika ya nne, pale mgongano unapokimbia kushoto kwenda kulia. Nimerudia mara sita. Hakuna diski ya Mjapani inayonifanya hivi.

#66 Singeli Mwendokasi
Naomba ruhusa niiongezee kasi mara tatu.

#67 Mzee wa Behewa
Ruhusa huna.

#68 Kibirizi Usiku
Mama yuko nyumbani tangu Jumanne. Kidonda bado, lakini kinakauka pembeni. Leo usiku nilikuwa nimelala sebuleni karibu na mlango wake, nimeweka ya fundi kwenye spika ndogo, chini kabisa kama sista alivyoagiza. Nikadhani kalala. Akaniita. "Hapo ni Tabora," akasema, "wanakata za Mwanza. Shika mizigo." Nikamwambia ni simu, mama. Akasema iache.

Mke wangu naye alikuwepo. Hakuuliza nimepewa na nani.

#69 Nyuki wa Sikonge
Mungu amjalie. Nina swali la kiufundi kwa fundi: dakika ya saba, nani anakohoa?

#70 Fundi Redio Ng'ambo
Ni Mzee.

#71 Mzee wa Behewa
Si mimi. Mimi nilikuwa upande wa pili.